Mlima Kenya: Kuchagua Njia ya Lenana

Alfajiri, anga likiwa safi, Mlima Kenya huonekana kaskazini kutoka ghorofa za juu za mtaa wa Umoja, Nairobi. Desemba 1963, Kenya ilipopata uhuru, mpanda milima Kisoi Munyao alipandisha bendera ya taifa pale kwenye kilele chake cha Lenana, mita 4,985.

Anayetaka kumfuata apange safari kwa kufikiria hewa kwanza, umbali baadaye. Naro Moru ni njia fupi, lakini tope lake humeza buti hadi kifundoni. Sirimon, upande mkavu, hupanda taratibu na kuupa mwili muda wa kuzoea. Chogoria ndiyo inayopendeza kuliko zote: maporomoko ya maji, magenge, Ziwa Michaelson.

Siku ya kilele wapandaji hutoka mnamo saa tisa usiku, wakati baridi bado imezigandisha kokoto za mteremkoni zisiteleze.