KUTOFUNGAMANA NA UPANDE WOWOTE: FUNDISHO LA MWAKA 1965

Wako watu, na baadhi yao ni makada wetu, wanaodhani kwamba kutofungamana na upande wowote ni kukaa katikati na kunyamaza. Dhana hiyo si sahihi, na historia ya nchi yetu inaikanusha.

Baada ya Muungano wa 1964 Jamhuri yetu ilirithi ugomvi usiokuwa wake. Zanzibar ilikwisha kuitambua Ujerumani ya Mashariki. Ujerumani ya Magharibi nayo ilishikilia kwamba hakuna rafiki yake atakayefanya hivyo. Serikali ikaruhusu ubalozi mdogo tu wa Mashariki mjini Dar es Salaam, pasipo kuitambua rasmi. Februari 1965 Bonn ikaondoa msaada wake wa kijeshi, ikiwa ni pamoja na wakufunzi wa marubani wetu. Mwalimu Nyerere akawajibu waondoe na misaada yao mingine. Kazi ya kuwafunza marubani ikachukuliwa na Wakanada.

Tarehe 11 Novemba mwaka huo huo walowezi wa Rhodesia, chini ya Ian Smith, walijitangazia uhuru. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaazimia kwamba Uingereza isipowazima, wanachama wavunje uhusiano nayo ifikapo 15 Desemba. Siku ilipofika, nchi chache tu zilitimiza ahadi. Tanzania ilitimiza, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa.

Mwanafunzi ana haki ya kuuliza: mkulima alipata nini kwa msimamo huo? Fedha zile zilikuwa za maendeleo, na hazikurudi kwa hotuba. Lakini na atazame njia ya kwenda Zambia, ambayo uasi wa Smith uliifanya iwe ya lazima. Bomba la mafuta, lililokamilika 1968, lilijengwa na Waitalia. Barabara kuu, sehemu yake ilijengwa kwa fedha za Marekani. Reli yenye kilomita 1,860, ambayo Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilikataa kuigharimia, ilijengwa 1970 hadi 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Waliotabiri kwamba tukigombana na London tutakuwa mali ya Peking walimwona Mmarekani na Mchina wakijenga kuelekea upande mmoja. Na uhusiano na Uingereza ulirudishwa 1968.

Leo wakubwa wameongezeka, na wako wanaosema kwamba wingi wa wakopeshaji peke yake unatosha kutulinda. Hatukubaliani nao. Kufikia miaka ya 1980 tulikuwa na marafiki Mashariki, Magharibi na Skandinavia, wala hawakupungua. Kilichopungua ni fedha za kigeni: bei ya mafuta ilikuwa imepanda, vita dhidi ya Idi Amin vilikuwa vimekula hazina, viwanda vilikosa vipuri, na mkonge uliokuwa ukituingizia fedha ulikuwa umeporomoka. Mwalimu aliyakataa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa kwa miaka kadhaa. Mwaka 1986, baada ya yeye kung'atuka Urais, nchi ile ile iliyoiambia Bonn iondoke na misaada yake ilitia sahihi, na shilingi ikashushwa thamani.