Haiba ya Mbakaji Iliyotafutwa Minnesota

Kila mwaka darasani hakosekani mwanafunzi wa kuniuliza: "Mwalimu, kwani hakuna kipimo cha kumtambua mbakaji?" Nami humpeleka Minnesota.

Mwaka 1939 jimbo hilo la Marekani lilitunga sheria ya kuwazuilia hospitalini, bila kikomo, watu walioonekana kushindwa kabisa kujizuia katika ngono. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibariki. Enzi hizohizo, kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanasaikolojia Starke Hathaway na daktari J. C. McKinley walikuwa wakiandaa dodoso la haiba liitwalo MMPI, lililochapishwa 1943. Ni mamia ya sentensi. Unajibu kweli au si kweli, basi. Na "mtu wa kawaida" wa kulinganishwa na mgonjwa walimtoa wapi? Palepale hospitalini: wengi walikuwa ndugu na marafiki waliokuja kuwaona wagonjwa. Mtu kaja kumjulia hali shemeji yake, anaondoka akiwa kigezo cha akili timamu!

Dodoso likaingia magerezani. Wafungwa wa makosa ya kujamiiana wakawa mara nyingi wanapata alama za juu kwenye skeli ya nne, ile ya kukaidi kanuni za jamii. Shida ni kwamba wezi na matapeli nao walipanda hapohapo. Tena skeli yenyewe ilijengwa kwa majibu ya vijana, wengi wao wasichana, walioletwa kwa utoro, uongo na wizi. Na wapo wabakaji ambao majibu yao hayakuonyesha kasoro yoyote.

Mwaka 1999 Karl Hanson wa Kanada na David Thornton wa Uingereza wakatoa kipimo kiitwacho Static-99. Maswali 10 tu, na hakuna hata moja la haiba. Ana umri gani? Amewahi kuhukumiwa mara ngapi? Amewahi kuishi na mwenza walau miaka miwili? Aliyemdhuru alikuwa mtu asiyemjua? Karibu yote unayajibu kwa kusoma jalada. Hata hivyo, kazi yake si kumtambua mbakaji, bali ni kukadiria uwezekano wa aliyekwisha kutiwa hatiani kurudia kosa.

Kwa hiyo ukiletewa ripoti inayosema mshtakiwa "hana haiba ya mbakaji", uliza haiba hiyo ni ipi. Kama alitenda au hakutenda, hilo ni suala la ushahidi.