Motere kubwa ndani ya motokari ndogo: historia moja ya kutufundisha kupima

Wenzangu wa chama, wakubwa kwa wadogo, leo naomba tuache kidogo mbegu na mbolea, hata kama tutarudi huko mwishoni. Tuongee motere. Huku kwetu Lac Vert, kwenye barabara ya kwenda Sake, si ajabu kukuta Land Rover ya zamani yenye motere ya Toyota ndani. Ile ya Mwingereza ilichoka, piesi zikakosekana, fundi akatafuta ingine. Wengi wanasema ule ni ujanja wa umasikini. Hapana. Waingereza wenyewe walifanya vile, tena na motokari zao za michezo.

Tuanze na trakta, maana ni yetu. Toka 1946 mpaka 1956, kampuni ya Standard, kule Coventry, ilitengeneza trakta za Harry Ferguson aina ya TE20, zaidi ya 500,000. Ilikuwa trakta ndogo ya rangi ya kijivu, yenye nguvu za farasi kama 28. Standard ikatumia jamii ile ile ya motere ndani ya Triumph TR2 ya 1953, motokari ya michezo ya watu wawili. Walipoipanga upya, ikatoa nguvu karibu 90. Shemizi zake za silinda zilikuwa za kutoa na kubadilisha, kwa hiyo fundi aliitengeneza bila kutupa bloki nzima. Ndugu ya trakta njo ilikuwa inakimbia mashindano!

Kisha akaja Carroll Shelby, Mmarekani wa Texas. Mwaka 1959 alishinda Le Mans, lakini moyo ulikuwa mgonjwa na akaacha kushindana. Kampuni ndogo ya Kiingereza, AC, ilikuwa na motokari nyepesi iitwayo Ace, lakini motere yake ya Bristol ilikuwa inaelekea mwisho. Mwaka 1962 Shelby akaweka ndani yake V8 ya Ford ya lita 4.2. Hiyo njo Cobra. Ilikimbia sana, lakini walipotaka kuweka ile ya lita 7, shasi ya zamani haikutosha. Ikabidi watengeneze ingine, yenye mabomba manene zaidi na springi za aina tofauti. Motere ilikuja na deni, na deni lililipwa na chuma cha chini.

Rootes nao wakaona. Sunbeam Alpine yao ilikuwa nzuri kwa macho, ila kwa mbio ilikuwa mvivu. Wakamwomba Shelby awatengenezee ya kujaribia, na toka 1964 Sunbeam Tiger ikatoka na V8 ya Ford. Nafasi ilikuwa ndogo mpaka wakabadilisha mtambo wa usukani. Ili ufikie buji moja ya nyuma, ilibidi upitie kitundu kilichotobolewa kwenye ukuta kati ya motere na wasafiri. Joto nalo lilisumbua. Mwaka 1967 Tiger ikakufa: Chrysler ilikuwa imeshika Rootes, haikutaka kuuza motokari yenye motere ya Ford, na V8 yake yenyewe haikuingia vizuri mle ndani.

Waliofanya kwa akili zaidi, kwa maoni yangu, ni wale wa MGB. Fundi mmoja, Ken Costello, alianza kuweka ndani yake V8 ya Rover ya lita 3.5. Motere hiyo ilizaliwa Marekani kwa Buick, Rover wakanunua haki zake, kisha wakaiweka pia ndani ya Range Rover ya 1970. Ilikuwa ya aluminiumu, kwa hiyo uzito wake haukupita sana ule wa motere ya chuma ya silinda nne iliyotolewa. Mbele haikulemewa, na motokari ikaendelea kukata kona vizuri. MG wenyewe wakaifuata mwaka 1973, lakini mwaka ule ule bei ya petroli ikapanda dunia nzima. Mpaka 1976 walikuwa wametoa 2,591 tu.

Sasa tazama upande wetu wa Afrika. Mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953, yalipita kwenye matope na mawe ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963, katika motokari 84 zilizoondoka, 7 tu zilifika. Ya kwanza ilikuwa Peugeot 404, yenye motere ya kawaida ya lita 1.6. Barabara mbaya haikuuliza nguvu za farasi ngapi. Iliuliza springi, radiatere na uzima wa shasi.

Na hapa njo tunarudi shambani. Sprengel, kisha Liebig, walitufundisha katika karne ya 19 kwamba mavuno yanafungwa na kile kilicho kidogo zaidi. Ukimwaga urea mingi pahali fosfori haiko, mahindi hayatakushukuru. Motere kubwa juu ya freni dogo ni sawa tu. Tofauti ni kwamba hindi likikosa fosfori, unapoteza mavuno. Motokari ikikosa freni kwenye mteremko, na watu wamejaa nyuma juu ya magunia ya makala, unapoteza watu.

Siwaambii mafundi waache. Bila wao mizigo mingi isingefika soko la Goma. Tunaomba hesabu ifanywe yote: ukibadilisha motere, pima pia freni, bwati ya vitesi, radiatere, springi na usukani, na bei ya vile vyote iingie kwenye bei ya kazi. Na sisi wenye kukodisha motokari za kubeba mavuno, kabla ya kuuliza inakimbia namna gani, tuulize inasimama namna gani.

Wenye ndugu au rafiki fundi, mumpelekee.