Maneno na Wenzi Wao: Historia Fupi ya Msaada kwa Mwanafunzi wa Kiingereza

Mtoto wa Kihehe aliyezaliwa Kihesa, katika mji wa Iringa, huanza kwa lugha ya nyumbani, huongeza Kiswahili, na aingiapo sekondari hukuta masomo yake karibu yote yamo katika Kiingereza. Tangu 1967 Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Sekondari ziliendelea na Kiingereza.

Mwanafunzi huyo akiandika "drink medicine", sarufi yake haina kosa. Kwa Kiswahili dawa hunywewa, hata ikiwa kidonge. Mwingereza husema "take medicine". Akiandika "hear a smell", ni kwa sababu Mswahili husikia harufu kama asikiavyo sauti. Na akimwambia "sorry" mwalimu aliyejikwaa, amempa pole. Lakini mgeni atokaye Uingereza aweza kushangaa kuona mtu asiye na hatia akiomba radhi.

Makosa ya namna hii hayaondolewi na orodha ya maneno. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya A. C. Madan ilitolewa mwaka 1894, na ile ya Frederick Johnson mwaka 1939, chini ya Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930. Kazi hizo zastahili heshima kubwa. Lakini zilieleza hasa maana ya neno. Kumwonyesha Mwafrika ni neno gani la Kiingereza huandamana na lipi hakukuwa shabaha yake.

Elimu ya jambo hilo ilikuzwa mbali, huko Japani. Harold Palmer alifika Tokyo mwaka 1922, na mwaka 1933 ikatolewa taarifa yake juu ya maneno ya Kiingereza yazoeayo kwenda pamoja. A. S. Hornby na wenzake wawili waliendeleza kazi hiyo, wakatoa kamusi mwaka 1942 ionyeshayo jinsi kila kitenzi kinavyojengewa sentensi. Oxford waliitoa tena mwaka 1948, na matoleo yaliyofuata yakaenea duniani, Afrika ya Mashariki ikiwamo.

Faida ya kamusi hiyo ni kubwa, ila ina upungufu utokanao na asili yake. Imeandikwa kwa Kiingereza kitupu kwa wanafunzi wa mataifa yote, na kwa hiyo haiwezi kumwonya Mswahili peke yake. Haimwambii ya kuwa "azima" katika mazungumzo hutumika kwa atoaye na kwa apokeaye, hali Mwingereza hutenganisha "lend" na "borrow".

Mwaka 1984 Criper na Dodd walionyesha ya kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi wa Tanzania hakikutosha kujifunzia masomo. Mwaka 1996 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi yake ya Kiingereza na Kiswahili, nayo ikawa hatua muhimu. Hata hivyo, yahitajika kitabu kianzacho na usemi wa Kiswahili na kumwongoza mwanafunzi hadi usemi wa Kiingereza uliozoeleka. Pasipo kitabu hicho, kazi yote humwangukia mwalimu. Na mwanafunzi aijuaye vema historia au jiografia aweza kuhesabiwa mjinga kwa sababu maneno yake hayakupata wenzi wao.