Kwani Staringi ni Nani?

Mwambie mtu wa Eldoret "msichana wa mwisho", atakuuliza alikuwa akikimbia mita ngapi. Huku kwetu wa mwisho ni yule anayeshika mkia, anayemaliza mbio watu wakishaanza kutoka uwanjani. Kwa hiyo tafsiri hiyo ya neno kwa neno ya "final girl" tuiache palepale.

Istilahi yenyewe ilibuniwa mwaka 1987 na Carol Clover, mhadhiri wa Berkeley huko Marekani aliyekuwa bingwa wa fasihi ya kale ya Skandinavia. Alimkusudia yule msichana anayebaki hai peke yake katika filamu za kutisha, wenzake wote wakishachinjwa: Sally wa The Texas Chain Saw Massacre (1974), Laurie wa Halloween (1978). Hana misuli, ila ana macho. Huona mlango uliofunguka kabla ya wengine. Tena mara nyingi hana mpenzi, na wenzake humtania kwa hilo. Kilichomshangaza Clover zaidi ni watazamaji. Wengi walikuwa vijana wa kiume, na roho zao zote zilikuwa kwa msichana huyo.

Hilo nimelishuhudia katika kibanda cha vidio mtaani Langas. Jamaa mwenye kifua aliuawa mapema mno. Mvulana aliyekaa kando yangu, andazi mkononi, akaduwaa: "Kwani staringi amekufa?" Sheria ya kibandani inajulikana: staringi hafi. Sauti ikatoka benchi la nyuma: "Staringi ni huyo dada aliye kabatini." Tangu hapo mvulana akawa anamwonya dada huyo kwa sauti kila anapogusa kitasa, na andazi likapoa.

Basi tumwite staringi? Hapana. Staringi sura yake iko kwenye bango. Huyu unamjua kwa kuhesabu maiti. "Manusura" tunalo, redio hulitumia kila basi linapopinduka, lakini manusura wanaweza kuwa hata ishirini. Mimi nachagua "manusura pekee". Kwamba tulihitaji kuliunda si ajabu: katika ngano nyingi za zimwi, likikatwa kidole, waliomezwa hutoka wote wakiwa hai, ng'ombe kwa watu. Hapo hakuna aliyebaki peke yake.

Msichana yuko wapi katika "manusura pekee"? Hayumo, na ndivyo nipendavyo. Ngeli ya A-WA haibagui mume na mke, na filamu zenyewe zimeelekea huko. Katika Scream (1996) Sidney analala na mpenzi wake na bado hafi. Sharti la ubikira likavunjika. Wanaume nao walikaribia mapema: mwaka 1968, katika Night of the Living Dead, Ben, mwanamume mweusi, alivuka usiku mzima wa wafu, kulipokucha akapigwa risasi na waliokuja kuwasaka wafu hao. Ikachukua karibu miaka 50 kabla ya Chris wa Get Out (2017), aliyeigizwa na Daniel Kaluuya, mwana wa wazazi Waganda, kutoka mzima.

Miaka miwili baadaye Lupita Nyong'o wetu akaigiza katika Us, mama na pacha wake wa kutisha, wote wawili yeye. Mama ananusurika. Kisha tunagundua kwamba ndiye aliyetoka shimoni utotoni akaiba nafasi ya mwenziwe. Manusura huchukua a-, zimwi huchukua li-. Sasa huyu tuseme amesalia, au limesalia?