Lori Tupu na Kisanduku Kitupu

Lori linalorudi kutoka Zambia bila shehena likipanda mizani ya Mpemba, mzigo wake ni sifuri. Hilo ni jibu kamili. Lori ambalo halijapimwa ni habari nyingine kabisa. Sasa chukulia kuna fomu ya mtandaoni yenye kisanduku cha mzigo, na karani ameandika 0. Lugha za wavuti hapo haziafikiani.

PHP, iliyotoka kwa Rasmus Lerdorf mwaka 1995, ina maswali mawili yanayochanganywa kila siku. isset huuliza kama kigeu kipo na si null. empty huuliza kama ni kitupu, na kwake utupu ni pamoja na 0, hata ikiwa maandishi "0". Fomu hutuma kila kitu kama maandishi, kwa hiyo karani ataambiwa ajaze mzigo alioujaza tayari, na atarudia mpaka achoke au aandike 1. Kwangu mimi empty haifai kabisa penye namba.

JavaScript, aliyoitunga Brendan Eich kwa siku 10 Mei 1995, huipokea "0" ya maandishi kama kweli. Igeuze iwe namba, mstari unaofuata unaikana. Faida yake ni typeof: unaulizia jina ambalo halijatangazwa popote na programu haianguki, unajibiwa undefined tu.

Python haina subira hiyo. Ukitaja jina lisilokuwepo, NameError, kazi imesimama. Wengi huusifu ukali huo, nami pia, ila unahusu majina tu: "if mzigo" ya Python nayo huikataa namba 0, ndiyo maana wazoefu huandika "is None".

PHP imeanza kukaza kamba. Toleo la 8.0 la Novemba 2020 lilikipandisha kigeu kisichotangazwa kutoka taarifa ndogo hadi onyo. Alama ya ??, iliyoingia PHP 7 mwaka 2015 na JavaScript mwaka 2020, huweka thamani ya akiba pale tu pasipo na kitu, na sifuri haiguswi. Lakini kisanduku kilichoachwa wazi hutumwa kama maandishi matupu, na ?? huyapitisha. Kwa hiyo tumia isset kwanza, kisha linganisha na maandishi matupu kwa alama tatu za sawasawa. Ukiweka mbili kwenye seva yenye PHP 7, namba 0 na maandishi matupu bado huhesabiwa kitu kimoja.