Ufufuaji wa mfumo endeshi

Ufufuaji wa mfumo endeshi ni kurejesha kompyuta iliyogoma kuwaka, au inayowaka kwa taabu, bila kupiga windo upya, yaani bila kuusakinisha mfumo wote upya. Faida yake ni kubwa: programu, leseni na mipangilio ya printa hubaki mahali pake.

Chanzo. Mfumo huharibika umeme unapokatika masasisho yakiwa bado yanaandikwa kwenye diski, virusi vinapoingia kwa flashi, au diski inapochakaa. Katika ukanda wa njia ya kale ya misafara, kutoka Tabora kupitia Urambo na Uvinza hadi Ujiji, suala la umeme lina uzito wake. Kigoma, ulipo mji wa Ujiji, ilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi kabla ya kuungwa na Gridi ya Taifa. Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya dharura) huzimika papo hapo, ilhali ya mpakato yenye betri nzima humaliza kazi yake.

Mafaili kwanza. Kabla ya kugusa mfumo, fundi makini huwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, kisha hunakili nyaraka na picha kwenye diski ya nje. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows ya kusimba diski, hudai ufunguo wa urejeshaji wa tarakimu 48. Bila huo, hakuna kinachosomeka.

Windows. Urejeshaji wa Mfumo, uliokuja na Windows Me mwaka 2000, huirudisha mipangilio kwenye hali ya siku za nyuma. Usipofaa, amri ya DISM hutengeneza hazina ya mafaili ya mfumo, kisha sfc /scannow hutumia hazina hiyo kubadilisha mafaili mabovu. Kwa kawaida DISM huvuta mafaili mazima kwenye intaneti. Ikielekezwa kwenye flashi yenye Windows ya toleo lilelile, haili bando, na flashi hiyo moja huhudumia kompyuta za ofisi nzima ya Tabora.

Linux. Kwenye Ubuntu, fsck hukagua diski, na dpkg --configure -a hukamilisha usakinishaji uliokatizwa.

Mipaka. Diski inayogonga-gonga haiponi kwa amri. Kuiendeshea amri ya ukaguzi ya chkdsk /r kabla ya kunakili mafaili kunaweza kuimaliza kabisa. Hapo inunuliwe diski mpya, na mfumo usakinishwe upya.